Usimwambie mjukuu kwamba babu amesafiri

Katika misiba mingi nchini kuna karatasi moja inayosomwa kabla ya jeneza kushushwa kaburini. Wengine huiita historia fupi ya marehemu, wengine wasifu. Marehemu akiwa askari polisi mstaafu, waombolezaji karibu wanaijua kabla haijafunguliwa: mwaka aliozaliwa, shule aliyosoma, mwaka aliojiunga na jeshi, vituo alivyofanyia kazi, vyeo alivyopanda na mwaka aliostaafu. Mwishoni hutajwa idadi ya watoto na wajukuu, kisha sentensi moja kuhusu maradhi: "Aliugua kwa muda mfupi."

Wajukuu hao waliotajwa kwa idadi, mara nyingi hawapo kusikia. Wadogo wamepelekwa kwa jirani. Wameambiwa babu amesafiri.

Sentensi hizo mbili, moja kwa watoto na nyingine kwa watu wazima, husemwa kwa nia njema. Ya kwanza inataka kumkinga mtoto na maumivu. Ya pili inataka kumstahi marehemu. Lakini kila moja inaficha jambo ambalo familia italihitaji sana baada ya matanga.

Babu wa Kintinku

Babu anayesimuliwa hapa hatajwi jina. Ni mfano, umejengwa kwa mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi za wastaafu waliorudi kijijini na kulea wajukuu. Nyumba yake iko Kintinku, wilayani Manyoni, mkoani Singida.

Wanaosafiri kati ya Dodoma na Singida wanapafahamu Kintinku. Ukishaipita Bahi, unakuta mji mdogo bondeni, reli ya kati ikipita, mabasi na malori ya barabara kuu yakipunguza mwendo, na kina mama wakiuza chakula kando ya lami. Mvua zikiwa nzuri, bonde hili hutoa mpunga. Zikiwa mbaya, watu hurudi kwenye uwele na mtama, na mlenda hauishi mezani.

Huko ndiko babu alikorudi baada ya miaka mingi ya kuhamishwa kituo hadi kituo. Alikuwa na nyumba ya bati, mbuzi wachache na shamba la mpunga. Binti yake anafanya kazi Dodoma mjini na hurudi mwisho wa mwezi. Watoto wawili wa binti huyo, wa kike mwenye miaka 11 na wa kiume mwenye miaka sita, walikuwa wakiishi na babu na bibi.

Kijiji kizima kilimwita Afande. Wajukuu walimwita babu tu, ila asubuhi na wao walimpigia saluti.

Gwaride la kucha

Malezi yake yalikuwa ya kiaskari, lakini hayakuwa ya kiboko. Kabla ya shule wajukuu walisimama mstari mmoja mlangoni. "Mguu sawa!" Kisha akakagua kucha, kola na viatu. Mwenye kucha ndefu hakupigwa. Alikaa kwenye kigoda, babu akachukua wembe na kumkata mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, huku akimuuliza jedwali la mara saba.

Viatu aliving'arisha yeye usiku, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Bibi alimwambia mara nyingi kwamba watoto wakubwa wajing'arishie. Alijibu kwamba huo ndio muda wake wa kufikiri.

Mjukuu wa kike alipoanza kusoma masomo ya jioni, babu alimfuata shuleni na tochi. Hakuwa na maneno mengi njiani. Alitembea hatua mbili nyuma, kama anayelinda mgeni wa heshima, na binti aliona aibu mbele ya wenzake. Leo hilo ndilo jambo analolitaja kwanza akiulizwa babu yake alikuwa mtu wa namna gani.

Wataalamu wa makuzi ya mtoto wanasisitiza jambo moja ambalo babu huyu alilifanya bila kusoma kitabu. Mtoto hukua vizuri akiwa na mtu mzima mmoja, hata kama si mzazi, ambaye yupo kila siku, anatabirika na anamjali. Katika familia nyingi za Kitanzania ambako wazazi wanatafuta riziki mbali, mtu huyo ni bibi au babu. Ndiyo maana kwa mtoto aliyelelewa na babu, msiba huo ni sawa na kufiwa na mzazi. Watu wazima husahau hilo wanaposema, "Alikuwa mzee, amekula chumvi nyingi."

Kitabu cha matukio

Askari polisi hujifunza mapema kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea. Kituoni kila tukio lina saa, mahali na maelezo. Babu alistaafu kazi, lakini tabia hiyo haikustaafu. Nyumbani alikuwa na kaunta buku yenye jalada gumu, na ndani yake aliandika maisha ya familia kwa lugha ya kituoni.

"Saa 12 jioni. Jino la mbele la mjukuu limetoka. Hakulia."

"Usiku homa. Asubuhi kituo cha afya. Malaria hakuna. Amepewa dawa, anacheza."

"Mlalamikaji amelia. Mtuhumiwa ni dada yake. Chanzo ni muwa. Suluhu imepatikana, wamegawana."

Humo mlikuwa na tarehe za kliniki, siku mvua ya kwanza iliponyesha, deni la duka, mbuzi aliyezaa pacha. Mlikuwa pia na namba ambazo hakuna aliyezitilia maanani wakati huo. Zilikuwa vipimo vyake vya presha.

Kazi asiyoisimulia

Vijana wanaweza kudhani maisha ya askari mstaafu wa kijijini yalikuwa ya kuzuia magari tu. Kwa kizazi cha babu huyu, kilichojiunga na jeshi katika miaka ya 1970 na kupitia shule ya polisi ya Moshi, haikuwa hivyo.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, askari polisi nao walikuwamo katika nguvu iliyokwenda vitani, pamoja na JWTZ, Magereza, JKT na mgambo. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya uhujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na askari wakatumwa kupekua maghala na nyumba za watu waliowafahamu. Mwaka 1995 walilinda uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Kuanzia mwaka 2006, chini ya IGP Said Mwema, wakaambiwa wajifunze polisi jamii, yaani kukaa na wananchi na kusuluhisha kabla jambo halijawa kesi.

Kisha kuna siku ambazo askari wengi wa kanda hii hawapendi kuzizungumza. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa kuendelea, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo eneo la Igandu, mkoani Dodoma. Watu 281 walikufa. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli kuwahi kutokea Afrika. Waliokwenda kuopoa majeruhi na kupanga miili walikuwa askari, wahudumu wa afya, wafanyakazi wa reli na wanakijiji. Wakati ule neno ushauri nasaha halikuwa la kila siku kama leo, na wengi walirudi nyumbani na walichokiona.

Babu wa mfano wetu alikuwa mmoja wa askari hao. Hakuwahi kuwasimulia wajukuu. Walichojua ni kwamba alikuwa mkali kwa jambo moja tu: reli. Watoto wa Kintinku hupenda kutembea juu ya vyuma vya reli huku wamenyoosha mikono. Wajukuu wake walikatazwa. Siku mjukuu wa kike alipokutwa huko, babu hakufoka. Alimshika mkono, akamrudisha nyumbani bila neno, na usiku ule hakusikiliza redio.

Sababu ilijulikana msibani, pale mstaafu mwenzake kutoka Manyoni alipokaa na familia na kueleza walivyofanya kazi Igandu usiku na mchana. Binti wa miaka 11 alikuwa amekaa mkekani karibu na bibi yake. Kwa miaka kadhaa aliamini kwamba babu alimkatalia kucheza. Siku hiyo alielewa kwamba babu aliogopa.

Hilo halikuwamo katika historia fupi ya marehemu. Karatasi ilisema tu, "Alifanya kazi Dodoma kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani."

Mtoto aliyekwenda kusubiri basi

Mdogo wa miaka sita alilala kwa jirani kwa siku tatu za msiba. Aliporudi nyumbani na kuuliza, shangazi mmoja, mwenye mapenzi yote, alimjibu: "Babu amesafiri."

Kwa mtoto huyu maneno hayo yalikuwa na maana kamili. Mama yake husafiri kila mwezi na hurudi kila mwezi. Watu wa Kintinku husafiri kwa basi, na basi husimama barabarani. Kwa hiyo jioni ya pili alichukua tochi ya babu, akatoka bila kuaga, akaenda kukaa kando ya barabara kuu. Giza lilipoingia alikuwa bado yupo, akiimulika kila gari linalopunguza mwendo. Mama lishe mmoja alimtambua kwa tochi ile na kumrudisha nyumbani.

Bibi alimkalisha mapajani. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini alifanya kile ambacho watu wazima wenzake walikuwa wakikikwepa.

"Mjukuu wangu, babu hakusafiri. Babu amekufa."

"Atarudi lini?"

"Hatarudi. Mtu akifa, mwili wake unaacha kufanya kazi. Hapumui, haoni, hasikii njaa wala baridi. Tulimzika kule makaburini. Kesho nitakupeleka ukaone."

Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Ni kwa sababu nilikataa kukatwa kucha?"

Bibi akamjibu mara tatu, polepole: hapana, si kwa sababu yako. Babu alikuwa na ugonjwa wa presha, ukapiga ubongo wake. Kucha haziui mtu.

Mtoto anaelewa nini

Mzazi, swali la mtoto yule si la ajabu. Watoto hufikiri kuhusu kifo tofauti na sisi, na hutofautiana kwa umri.

Walio chini ya miaka mitano huona kifo kama usingizi au safari. Wanaweza kuambiwa leo na kuuliza tena kesho, mara kumi. Hawakusumbui. Wanajaribu kuelewa, na jibu lisilobadilika huwasaidia.

Kati ya miaka mitano na tisa, mtoto huanza kuelewa kwamba kifo hakina kurudi, lakini anaweza kuamini kwamba wazo lake, hasira yake au utundu wake ndio uliosababisha. Wengi hawasemi. Wanabeba hatia peke yao. Ndiyo sababu ni vizuri kumwambia "si kosa lako" hata kabla hajauliza.

Kuanzia miaka kumi hivi, mtoto anaelewa karibu kama mtu mzima, na huanza kuwaza yajayo. Nani atanifuata shuleni usiku? Tutahama? Bibi naye atakufa? Huyu mara nyingi halii mbele za watu, na watu husema ana moyo mgumu. Mpe nafasi ya kuzungumza mkiwa mnafanya kazi nyingine, mkipepeta mchele au mkienda dukani. Watoto wengi hufunguka wakiwa hawajatazamwa usoni.

Maneno ya kuepuka ni yale yenye maana mbili. "Amelala" yanaweza kumfanya mtoto aogope kulala. "Amesafiri" yanamfanya asubiri, na siku akigundua ukweli kwa watoto wenzake, anajifunza kwamba nyumbani kwake hudanganywa. "Mungu amempenda zaidi" yanaweza kumtia hofu kwamba Mungu atampenda na mama. Imani ya familia ina nafasi yake kubwa katika kufariji. Ila ianze baada ya ukweli kuhusu mwili kusemwa: amekufa, hatarudi, hana maumivu.

Kuhusu kwenda makaburini, mtoto aulizwe, asilazimishwe wala asifungiwe. Mweleze mapema atakachokiona: watu watalia, kutakuwa na shimo, jeneza au sanda itashushwa, udongo utarudishwa. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni yule mtoto tu, aliye tayari kuondoka naye akitaka kuondoka.

Baada ya msiba, mtoto anaweza kukojoa kitandani tena, kuumwa tumbo bila sababu, kugandamana na mzazi au kushuka darasani. Kwa wiki za mwanzo hayo ni ya kawaida. Yakidumu kwa miezi, au akiacha kula na kucheza, au akisema anataka kumfuata marehemu, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya, au muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

"Aliugua kwa muda mfupi"

Sasa turudi kwenye sentensi ya pili, ile ya watu wazima.

Wiki mbili baada ya mazishi, binti wa marehemu alifungua kaunta buku akitafuta deni la duka. Akakuta namba. Miaka kadhaa nyuma: "Presha 170/100. Nimepewa dawa, kidonge kimoja kila asubuhi." Kurasa za mbele: "138/84. Nimeambiwa naendelea vizuri." Kisha, miezi minne kabla ya kifo, kwa mwandiko ule ule uliosimama wima: "Najisikia mzima. Dawa nimepumzisha." Baada ya hapo hapakuwa na kipimo tena.

Babu hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua kwa miaka, kimya kimya, na akajiona amepona kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi.

Hili ndilo kosa la kawaida kabisa kwa wagonjwa wa presha. Presha inayofikia 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huhesabiwa kuwa ya juu. Mara nyingi haiumi popote. Dawa huishusha, lakini kwa watu wengi haiiondoi. Ukiiacha, inapanda tena bila kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulikuta kwamba takriban saba katika kila kumi wana presha ya juu.

Kwa hiyo mzee akikuambia dawa ameipumzisha, usibishane naye. Nenda naye kupima. Askari anaamini ushahidi, mwonyeshe namba. Akisema zinamletea kizunguzungu au safari za chooni za mara kwa mara, mwambieni daktari, kwani dawa za presha ni za aina nyingi na zinaweza kubadilishwa. Akisema hana fedha, ulizieni utaratibu wa wazee. Sera ya nchi inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo.

Asubuhi iliyopotea

Kiharusi kilimkuta babu asubuhi. Kikombe cha chai kilimdondoka, mdomo ukapinda upande mmoja, maneno yakawa mazito. Majirani walikuja mbio. Mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine akaleta mafuta ya kumkanda. Mwingine akasema apumzike kwanza, jua likipungua apelekwe. Gari lilipatikana mchana. Alifia hospitalini Dodoma siku ya tatu.

Hakuna aliyemtakia mabaya. Hawakujua kwamba kila dakika ubongo unaokosa damu unaendelea kufa. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kinaweza kutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini matibabu hayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze, na baada ya kipimo cha CT scan kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Vipimo hivyo haviko kila mahali. Kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, hiyo ni sababu ya kuondoka mapema zaidi. Hata pale dawa hiyo isipopatikana, hospitali inaweza kuzuia madhara kuongezeka.

Wafundishe watu wote wa nyumbani, hata watoto, dalili tatu. Uso: mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja umeshuka. Mkono: mwambie anyanyue yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Maneno: mwambie arudie sentensi fupi, usikie kama ulimi ni mzito. Moja tu ikionekana, tafuta gari hapo hapo na uandike saa dalili zilipoanza. Usimpe chakula, maji wala kidonge, kwa sababu anaweza kupaliwa. Akipoteza fahamu huku anapumua, mlaze kwa ubavu.

Binti aliposoma kurasa zile alilia, kisha akafanya jambo la maana. Alikwenda kupima presha yake. Akawapigia simu ndugu zake wote, akiwaambia wapime na wao. Presha ya juu na kiharusi huonekana sana katika ukoo mmoja, kwa sababu ya damu na pia kwa sababu ya chungu kimoja na chumvi moja. Mtoto wa mtu aliyekufa kwa kiharusi anayo haki ya kujua hivyo akiwa na miaka 30, bila kusubiri afike 60. Sentensi "aliugua kwa muda mfupi" inamnyima haki hiyo.

Hospitali inapotoa taarifa ya kifo, huandika sababu. Isomeni kabla ya kuikunja na kuitumia kufuatilia cheti cha kifo na mambo ya mirathi. Kama hamuielewi, muulizeni daktari awaeleze kwa Kiswahili.

Namna ya kumkumbuka

Kumkumbuka babu hakuhitaji fedha wala fulana zenye picha. Kunahitaji watu kukaa chini na kusema ukweli wakiwa bado wanaukumbuka.

Mnapoandika historia fupi, wekeni vyeo na vituo, kwani alivifanyia kazi. Lakini baada ya hapo ongezeni aya moja inayojibu maswali haya: Alikuwa akifanya nini kila siku ambacho sasa hakuna anayekifanya? Alikataza nini, na kwa nini? Alikuwa akichekeshwa na nini? Aliwahi kumsaidia nani bila kutangaza? Nani alimkosea akasamehe, na nani alimkosea yeye akaomba radhi? Askari si malaika. Kama alikuwa mkali kupita kiasi kwa watoto wake kabla ya kuwa mpole kwa wajukuu, watoto wake wanalijua, na wana haki ya kumlilia wakiwa na kumbukumbu zote mbili.

Waulizeni wajukuu nao. Mtoto wa miaka sita anaweza kutoa sentensi moja tu, "Alikuwa ananikata kucha," na ikawa ndiyo inayotoa machozi kuliko vyeo vyote.

Mpeni kila mtoto kitu kimoja cha babu anachoweza kukitunza: tochi, kofia, kikombe. Msigawe kila kitu kwa watu wazima siku ya kuanua matanga. Na zile kazi ndogo alizokuwa akizifanya, zigawaneni waziwazi ili mtoto asione zimekufa pamoja naye. Katika nyumba ile ya Kintinku, bibi sasa ndiye anayekagua kucha, bila amri ya mguu sawa. Mjukuu wa kike anang'arisha viatu vya mdogo wake. Mjomba mmoja amekubali kumfuata shuleni jioni, na ameambiwa atembee hatua mbili nyuma.

Kaunta buku haijafungwa. Mama wa watoto ameanza ukurasa mpya. Mstari wa kwanza ni tarehe ya kupima presha ya bibi.

Kama babu wa watoto wako yuko hai, makala haya ni kwa ajili yake pia. Mpigie simu Jumapili hii, mpe mjukuu simu, na amuulize alifanya kazi wapi na siku gani kazini aliogopa sana. Mwache aeleze anachotaka na anyamazie asichotaka. Kabla hamjaagana, muulize swali moja la mwisho: presha mara ya mwisho ilikuwa ngapi, na dawa bado anakunywa?